Ukuta wa Mashubaka

Nilikuwa mwalimu wa skuli ya wasichana Chake Chake, kijana bado, sijaolewa, pale mwalimu mkuu aliponiita ofisini kwake kunipa habari ya kazi ambayo sikuwahi kumsikia mtu akiifanya.

Ofisini alikuwamo mgeni, Mzungu mrefu mwenye shingo iliyoiva kwa jua, amekaa ukingoni mwa kiti kama mwanafunzi anayesubiri adhabu. Mwalimu mkuu, mwanamke wa Unguja asiyependa kupoteza maneno, akaniambia, "Huyu bwana ni mhadhiri wa chuo kikuu. Anawafundisha vijana kuchora majumba. Anakusanya picha za nyumba za pwani yetu yote, na hapa Pemba kazi imemshinda."

"Imemshinda vipi?" nikauliza.

Mgeni akanijibu mwenyewe, kwa Kiswahili cha kitabuni lakini kilichonyooka. "Nimepiga picha za misikiti. Nimepiga magofu, nimepiga milango. Lakini kila nyumba ninafika barazani tu. Baada ya baraza kuna pazia, na nyuma ya pazia sijui kuna nini."

"Kuna wanawake," akasema mwalimu mkuu.

"Ndiyo, bibi. Na kuna nyumba."

Akanieleza. Kule chuoni kwao kulikuwa na chumba kizima cha makabati yenye droo, na ndani ya droo hizo picha za majengo ya dunia: mahekalu ya Wayunani, misikiti ya Misri, nyumba za Wahindi zenye ua katikati. Mwanafunzi akitaka kujua watu wa nchi ya joto wanaingizaje upepo ndani ya nyumba, anavuta droo na kutazama. Nyingine zilikuwa picha ndogo za kioo za kuangazwa ukutani kwa mashine, darasa zima likatazama kwa pamoja. Lakini droo ya pwani yetu ilikuwa na milango mitupu.

"Wanafunzi wangu wanadhani nyumba ya Mswahili ni mlango," akasema, "na nyuma yake hakuna kitu."

Nilicheka, kisha kicheko kikanikauka. Nilimwona akilini kijana huko mbali, kalamu mkononi, anachora mlango wa kwetu na nyuma yake anaacha karatasi nyeupe.

Basi alikuwa akitafuta mwanamke wa kufundishwa kamera. Mwalimu mkuu alinichagua mimi kwa kuwa nilisomesha hesabu na kuchora, na kwa sababu nyingine aliyoisema mbele ya mgeni bila ya kunikonyeza: "Huyu hana woga wa watu."

Nilimwambia nitajibu nikisharudi kwa baba yangu.

Baba alikuwa fundi wa kushona kanzu, kwetu Jadida, Wete. Nilimkuta barazani na kofia ya mtu gotini, anatoboa vitundu kwa sindano. Nikamwamkia, nikakaa, nikamweleza yote. Akaendelea na kazi yake mpaka nikadhani hakunisikia.

"Picha za watu?" akauliza mwisho.

"Hapana, baba. Za kuta, na dari, na vyumba."

"Za kuta." Akaukata uzi kwa meno. "Ukuta hauna haya. Nenda kapige, lakini usiende nyumba ya mtu peke yako. Mchukue shangazi yako."

Shangazi yangu ndiye niliyekuwa nikiishi naye Chake. Alikuwa mjane, mnene, mwenye kucheka kwa sauti, na hakuna nyumba ya mjini asiyokuwa na jamaa ndani yake au asiyowahi kwenda kusaidia kupika harusi. Nilipomwambia, alivaa buibui papo hapo kana kwamba tunaondoka.

Mhadhiri alinifundisha kwenye baraza ya skuli, baada ya masomo, mwalimu mkuu akisahihisha madaftari pembeni. Nilijifunza kutia filamu bila ya kuiacha ione jua, kusoma kipimo cha mwanga kwa sindano yake iliyokuwa ikitetemeka, kuisimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, na kuliacha jicho lake wazi kwa muda nikizuia pumzi. Picha ya kwanza ya maisha yangu ilikuwa ya dole gumba langu. Ya pili ilikuwa ya mwalimu mkuu bila ya kichwa. Hakuona kichekesho.

Kitu kimoja mhadhiri alikisisitiza kila siku. Katika kila picha niweke rula ndefu ya ubaoni, ile yenye alama nyeusi na nyeupe, iegemee ukutani, ili mwanafunzi aliye mbali ajue shubaka, kile kishimo cha ukutani cha kuwekea vitu, lina ukubwa gani na dirisha liko juu kiasi gani. Nikaona ni wazimu kidogo, kupiga picha ya chumba kizuri kisha ukakiharibu kwa rula, lakini nikafanya.

Kisha akaondoka. Alikuwa na miji mingine ya kupita na wanafunzi wa kusomesha. Aliniachia kamera, filamu, na maneno machache: "Mimi sijui uende wapi. Wewe unajua."

Tulianza na nyumba ya shangazi, tukaenda kwa jirani zake, tukaenda kwa jirani wa jirani. Haikuwa rahisi. Zilikuwa siku za siasa, siku ambazo hata ukinunua sukari watu walitazama umeinunua duka gani ili wajue uko upande upi. Kamera ikasemwa. Wengine wakasema serikali inataka kuzitoza kodi nyumba kwa idadi ya vyumba. Wengine wakasema ni ya chama kile, na wa chama kile wakasema ni ya chama hiki. Nyumba tuliyokaribishwa jana, leo tuliambiwa mwenyewe hayupo, na huku tunamsikia akikohoa.

Shangazi hakujali. Alikuwa akitangulia, akipiga hodi, akiingia mpaka jikoni, na akiulizwa sababu akisema, "Mwanangu huyu anasoma ufundi wa nyumba. Hebu mwonyesheni yenu ilivyojengwa, kwani mna aibu nayo?" Nani atakubali kwamba ana aibu na nyumba yake? Milango ikafunguka. Nikapiga kumbi na nyua, ngazi za mawe zilizolika katikati kwa miguu ya watu, visima vya ndani, dari za boriti zilizopakwa rangi nyekundu na nyeusi. Nikajifunza kuitazama nyumba kama nilivyokuwa nikilitazama shairi, neno kwa neno.

Lakini kila tulikokwenda tuliambiwa jambo moja: "Hamjaona kitu nyie, mpaka muingie ndani kwa Bi Mkubwa wa Wawi."

Huyo Bi Mkubwa alikuwa mwenye shamba la mikarafuu, mjane, mrefu mkavu, na nyumba yake ya mawe ilikuwa ya babu wa babu yake. Chumba chake cha mwisho kabisa, ambacho watu wa nyumba walikiita ndani bila ya kuongeza neno, kilikuwa na ukuta mzima wa mashubaka ya chokaa yaliyochongwa maua, safu juu ya safu, kutoka kiunoni mpaka darini. Watu waliouona walikuwa wachache. Hata wasioupata kuuona walikuwa na la kusema juu yake.

Tulikwenda siku ya Ijumaa baada ya sala. Alitupokea vizuri, akatukalisha, akatupa kahawa na mikate ya mofa. Nilipotaja kamera, akaweka kikombe chini.

"Weye umeingia nyumba za watu ukapiga kuta zao?"

"Ndiyo, bibi. Baba yangu amenipa ruhusa. Amesema ukuta hauna haya."

"Baba yako ni mwanamume," akasema. "Yeye ukuta anaujua wa nje. Mie n'nakwambia, ukuta wa ndani una haya kuliko mtu. Humo n'mezaliwa. Humo n'mekaa uharusi. Humo mama yangu alikoshwa alipokufa. Leo n'utoe ukatazamwe na vijana wa Kizungu?"

Nikasema, "Bibi, nimekuelewa," na nikainuka kuaga. Nilikuwa nimekwisha kata tamaa hasa. Lakini shangazi hakuinuka. Alikuwa amekuja na bahasha ya picha zangu zilizosafishwa Unguja, na alianza kuzipekua kimya kimya mapajani mwake, kama mtu anayepitisha wakati.

Bi Mkubwa akavumilia kidogo. "Nini hizo?"

"Ah, hizi? Ndani za watu wa mjini. Zinakwenda chuoni."

Bi Mkubwa akanyoosha mkono. Akatazama picha ya kwanza, ya pili, ya tatu. Uso ukaanza kumbadilika.

"Hiki ndicho wanachokiita ndani?"

"Ndicho, bibi," nikasema.

"Hiki ni stoo ya nazi! Na hiki, shubaka moja, tena limepinda. Na hizi ndizo zinazokwenda? Wale vijana watadhani Pemba nzima ndivyo tulivyokaa?"

"Sasa watadhani nini, bibi," akasema shangazi kwa sauti ya huruma, "na kingine hawajakiona?"

Bi Mkubwa alitutazama sote wawili. Nina hakika alikwisha kuujua ujanja wa shangazi, na alipofungua mdomo alikuwa na masharti yake tayari. Picha isiwe na kivuli cha mtu. Isitiwe kwenye makabati ya chuo kabla yeye hajaiona kwa macho yake. Na ukuta usipigwe uchi, atauvisha mwenyewe.

Siku tuliyorudi, ulikuwa umevaa. Kila shubaka lilikuwa na kitu chake: mabakuli ya Kichina ya buluu, sahani zenye maua, marashi, chetezo, Msahafu katika shubaka la juu umefunikwa kitambaa cha kijani. Nilisimama mlangoni nikasahau nimekuja kufanya nini. Nilikuwa nimekwisha kuziona kuta nyingi. Huu ulikuwa kama mtu anayekutazama.

Lakini chumba kilikuwa giza. Hakikuwa na dirisha hata moja. Mwanga wake ulikuwa ule unaobaki baada ya kupita ukumbini na chumba cha kati. Nikaisoma sindano ya kipimo, haikutikisika. Nikaliacha jicho la kamera wazi kwa muda mrefu kadiri nilivyothubutu, nikaizuia pumzi mpaka masikio yakavuma, nikapeleka filamu Unguja kwa boti. Ikarudi nyeusi tupu. Palikuwa na alama moja nyeupe tu, ncha ya rula.

Nililia siku ile, nikilia kwa hasira. Shangazi akaniacha nilie, kisha akasema, "Umemaliza? Karafuu zimeanza kuchumwa. Bi Mkubwa atakuwa na watu wengi, na akiwa na watu wengi huwa na furaha. Twende."

Tukamkuta uani kwake, penye sakafu kubwa ya kuanikia. Wanawake wa jirani na wa mbali walikuwa wamekaa kwa makundi juu ya majamvi wakichambua karafuu, vidole vyeusi, mazungumzo hayana kituo, na hewa yote ni harufu ile inayokuingia mpaka kooni. Nilimweleza Bi Mkubwa habari ya filamu. Hakukasirika. "Ukuta umeona haya," akasema, akaenda zake kukemea mtu.

Nikaingia ndani peke yangu nikakaa kitako mbele ya ukuta, nikiufikiri. Na nilipokuwa nimekaa hivyo, kitu kikapita juu ya mashubaka: mwanga, upana wa mkeka, ukakimbia toka kulia hadi kushoto ukazimika. Kwa muda wa kufumba jicho niliyaona maua yote ya chokaa, kila jani na kivuli chake.

Nikatoka mbio. Uani mwanamke mmoja alikuwa akimwaga makonyo ya karafuu, vile vijiti vinavyobaki baada ya kuchambua, kutoka kwenye sinia ya shaba, na sinia ililishika jua.

"Rudia!" nikapiga kelele. "Inua sinia tena, tafadhali, vile vile!"

Akaniangalia kama mwenye wazimu, akainua. Nikamwomba aigeuze kidogo, kidogo tena. Shangazi alikuwa amekimbilia ndani, nikamsikia akipiga ukelele, "Waingia! Mwanga waingia mpaka huku!"

Bi Mkubwa akaja na fimbo yake. Akatazama sinia, akautazama mlango, akatazama jua lilipo. Nikamweleza kwamba jua tukilipokea uani tukalitupa ukumbini, na ukumbini likapokewa tena likatupwa ndani, picha itatoka. Hakuningoja nimalize.

"Vioo!" akasema. "Ntu mwenye kioo akalete kioo! Kile cha kabati yangu mkakibebe watu wawili, na mkikivunja msirudi hapa. Masinia yote yatoke jikoni. Na zile shuka nyeupe za sandukuni, zitandikwe sakafuni ukumbini."

Karafuu zikaachwa. Nasema hivyo kwa wepesi, lakini mtu wa Pemba anajua ni jambo gani kuacha karafuu mbichi juu ya jamvi katikati ya msimu. Wanawake wakapanga mstari kutoka uani hadi chumba cha kati, wenye vioo na wenye masinia, mmoja kakishika kioo cha kujitazamia kipana kama kiganja na hataki kutolewa. Mjukuu wa Bi Mkubwa, msichana niliyemsomesha mwaka uliopita, alisimama pembeni mwa mlango wa ndani na kioo cha mwisho. Bi Mkubwa akasimama katikati kama nahodha.

"Weye, inua! Weye unacheka, na kioo chako kinacheka nawe, hebu tulia! Teremsha, teremsha. Hapo. Asitikisike ntu!"

Chumba kikajaa mwanga. Sijui niueleze vipi. Haukuwa mkali kama wa jua. Ulikuwa mwanga laini wa maziwa, uliotokana na mikono ya watu, na ulipumua kidogo kwa pumzi zao. Chokaa iliyokuwa gizani tangu kujengwa ikaonekana yote, hata alama ya kidole cha fundi mmoja aliyebonyeza pembeni mwa ua kabla halijakauka. Sindano ya kipimo ikapanda. Nikaweka rula, nikafungua jicho la kamera. Wanawake wote wale, na hakuna aliyekohoa.

Nilipiga mpaka filamu ikaisha. Niliposema "Basi," mtu wa kwanza kupiga kigelegele alikuwa shangazi, na baada yake hapakusikika kitu kingine.

Safari hii sikuipeleka filamu Unguja. Niliipeleka kwa posta moja kwa moja kwa mhadhiri, pamoja na sharti la Bi Mkubwa. Alilitii. Aliziweka picha zile kando mpaka likizo yake, akaja nazo mwenyewe, na mashine ya kuziangaza.

Tulizionyesha skulini, mchana, baada ya kuziba madirisha ya darasa kubwa kwa kanga na mablanketi. Wanawake wa Wawi walikuja kwa lori la kuchukulia karafuu, wamesimama wameshikana, wakiimba njia nzima. Waliingia wao, na wa mjini wakaingia, mpaka wengine wakakaa juu ya madeski. Na kwa kuwa wote waliomo walikuwa wanawake, mhadhiri alitoka akakaa barazani. Mashine niliiendesha mimi.

Nikaonyesha kwanza nyumba za mjini. Kila moja ikipata mwenyewe, kelele. Kisha nikaitia ya Wawi.

Ukuta ukasimama mbele yetu, mkubwa kama wenyewe, pengine kuliko wenyewe. Nilimtafuta Bi Mkubwa kwa macho. Alikuwa mstari wa mbele, mgongo umenyooka, mikono juu ya fimbo. Alitazama kwa muda mrefu. Nikaanza kuogopa.

"N'mekaa nao umri wangu wote," akasema mwisho, bila ya kugeuka. "Sijapata kuuona."

Kisha akapandisha sauti ili barazani wasikie. "Mwambieni yule bwana autie kwenye kabati lake! Autie droo ya juu!"

Vigelegele vilivyofuata viliwatoa watu madukani. Nilipofungua mlango, mhadhiri alikuwa amesimama, macho mekundu, anauliza, "Amekubali? Amekubali?"

Masika ya mwaka uliofuata yalikuwa mabaya. Mvua ilianza asubuhi na haikujua kuacha. Maji yakapenya dari ya nyumba ya Wawi, yakashuka ndani ya ukuta wenyewe, na mchana mmoja, watu wakiwa jikoni, walisikia kishindo kama cha mti kuanguka. Ukuta wa mashubaka ulikuwa chini. Alhamdulillahi hakuumia mtu. Msahafu ulikuwa umekwisha kuhamishwa kwa hofu ya unyevu. Mabakuli karibu yote yalivunjika.

Tulipofika, Bi Mkubwa alikuwa amekaa juu ya kiti cha kamba mbele ya kifusi. Mjukuu wake alikuwa ameposwa, na harusi iliwekwa baada ya mavuno. Watoto wake wa kiume walikuwa wakizungumza habari ya matofali ya saruji: ukuta ulionyooka, mwepesi, umalizike kabla ya harusi.

"Basi jengeni," akawaambia. "Nani atakumbuka maua yale yalivyokaa? Mie mwenyewe sikumbuki safu zilikuwa ngapi."

"Bibi," nikasema, "picha inakumbuka."

Akanitazama. Nilimwona akielewa kidogo kidogo, kama mtu anayeamka.

Nikamwandikia mhadhiri siku ile ile. Nilitazamia picha moja. Kilichokuja kilikuwa bomba refu la bati, na ndani yake picha iliyokuzwa hata ukaweza kuhesabu majani, na pamoja nayo makaratasi makubwa ya michoro. Wanafunzi wake walikuwa wamekaa na picha yangu, wakachukua kipimo kutoka kwenye ile rula ya ubaoni, na wakachora kila shubaka kwa upana wake, urefu wake na kina chake, na kila ua kwa ukubwa wake halisi. Pembeni mwa mchoro mmoja, kijana asiyejua Kiswahili alikuwa ameandika kwa herufi za kuhangaika: *Tunauomba urudi.*

Fundi wa chokaa alipatikana huko huko Wawi, mtu wa makamo aliyekuwa akipamba kuta za kibla misikitini. Aliitandaza michoro juu ya jamvi, akaiwekea mawe pembeni, akaizunguka.

"Unaweza?" akauliza Bi Mkubwa.

"Wakishanionyesha ua ukubwa wake, kwa nini nisiweze?" akasema. "Lakini chokaa inataka kulala majini. N'taka muda."

Akapewa muda. Watoto wa kiume waliacha habari ya saruji, wakaenda kuleta mawe na kuchoma chokaa, na kwa kadiri ukuta ulivyopanda ndivyo nao walivyozidi kujigamba, mpaka ungedhani wazo lilikuwa lao. Nilikuwa nikienda kila Ijumaa. Fundi aliichonga chokaa ikiwa bado mbichi, kisu kidogo mkononi, picha yangu ikiwa imebandikwa ubaoni mbele yake, na mlangoni hakukosekana kijana na kioo wa kumtilia mwanga, maana ile njia ya vioo walishaifanya yao. Bi Mkubwa alikaa nyuma na fimbo. Ua moja aliamuru livunjwe mara mbili.

Harusi ilifanyika kwa wakati. Ukuta ulikuwa mweupe hata ukiumiza macho. Mabakuli hayakuwapo, basi kila mwanamke aliyeshika kioo au sinia siku ile alileta kitu kutoka nyumbani kwake akakiweka katika shubaka: kikombe, kichupa cha marashi, sahani yenye ufa. Bibi harusi akakalishwa mbele yake, hina mpaka vifundoni. Bi Mkubwa alinishika mkono akanipeleka katikati ya chumba, mbele ya watu wote, na akasema maneno ambayo siwezi kuyaandika bila ya kuonekana najisifu. Nitasema tu kwamba shangazi alilia kwa sauti, na mimi nikapigiwa vigelegele kama mimi ndiye ninayeolewa.

Niliupiga picha ukuta mpya nikaipeleka chuoni. Mhadhiri akajibu kwamba ameiweka pamoja na ile ya kwanza, na kwamba chuo kinataka niendelee: Wete, Mkoani, Micheweni, kokote ambako pazia litanifungukia. Nikakubali, na safari hii sharti likawa langu. Kila picha itakayotiwa katika makabati yao, ya pili yake ije Pemba, ikae skulini kwetu, watoto wetu nao wavute droo.

Sikutegemea jibu la haraka. Lilikuja na boti iliyofuata: ndiyo.

Kabati lilitengenezwa na seremala wa mjini, la mti wa mfenesi, droo zake zikiteleza vizuri. Picha za mwanzo zilipofika, mwalimu mkuu, mwanamke ambaye sikuwahi kumwona akifuta kipindi hata kwa homa, alifuta kipindi cha hesabu. Wasichana walikaa sakafuni, picha zikapita mkono kwa mkono. Mara mtoto mmoja wa nyuma, mwenye kunyamaza mwaka mzima, akasimama na picha ameishika juu kwa mikono yote miwili.

"Mwalimu!" akasema. "Hii kwetu!"

"Na hii kwa bibi yangu!" akasema mwingine.

"Hii kwetu pia, mwalimu, hii ngazi yetu!"

Wakasimama wote, kila mmoja anataka yake ionekane, na mwalimu mkuu hakumwambia hata mmoja akae.